UZI: Tyshawn Sorey, mpiga dramu aliyekataa kuchagua kati ya vijiti na kalamu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mei 2024 Tuzo ya Pulitzer, moja ya tuzo kubwa za Marekani, upande wa muziki ilichukuliwa na mpiga dramu. Anaitwa Tyshawn Sorey, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Newark, jimbo la New Jersey, Julai 1980. Kazi iliyompa tuzo wala si ya dramu. Ni utunzi wa saksafoni na okestra, unakwenda polepole mno kwa takriban dakika 20, na jina lake ni *Adagio (For Wadada Leo Smith)*.

Naleta uzi huu kwa ajili ya vijana wanaokaa nyuma ya dramu huku wana muziki mzima kichwani, na hawajui kama wana haki ya kuitwa watunzi. Kwenye kwaya zetu karatasi ya wimbo inakuwa na jina la mtunzi juu, chini yake solfa za sauti 4, basi. Mpiga ngoma hana hata mstari mmoja. Anaambiwa asikilize, aingie. Kwenye bendi ni hivyo hivyo: utunzi ni wa aliyeleta maneno na aliyeleta sauti, hata kama wimbo wenyewe ulizaliwa kwenye mapigo ya mtu aliyekaa nyuma. Matokeo yake mpiga dramu mwenye kiu ya kutunga anaona lazima ahame, ashike gitaa au kinanda, ndipo aheshimiwe. Sorey hakuhama, na hilo ndilo nataka tulijadili.

Newark ndio mji alikozaliwa mwimbaji wa jazi Sarah Vaughan, ndiko alikozaliwa mpiga saksafoni Wayne Shorter, na New York iko jirani kabisa kwa treni. Sorey alikua anapiga tromboni, piano na dramu, na vyote vitatu anavipiga mpaka leo. Alisoma Chuo Kikuu cha William Paterson, humo humo New Jersey, akamaliza shahada ya kwanza 2004. Kipindi hicho tayari alikuwa anapiga na mpiga piano Vijay Iyer, na baadaye akawa mmoja wa watu watatu wa kundi la Fieldwork pamoja na Iyer na mpiga saksafoni Steve Lehman. Albamu yao ya 2008, *Door*, ina tungo za wote watatu. Kwa mpiga dramu wa umri ule, kuandikwa mtunzi sawasawa na wenzake lilikuwa jambo kubwa.

Ila mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameshafanya kitu kizito zaidi. Albamu yake ya kwanza kwa jina lake, *That/Not* ya 2007, ni ya sahani mbili. Ungetegemea kijana wa miaka 27 mwenye mikono ya haraka kama ile aitumie kuonyesha kasi. Humo ndani kuna utunzi wa piano peke yake unaozidi dakika 40. Piano peke yake, mwenye albamu ni mpiga dramu! Kuna sehemu ukimya ni mrefu kuliko sauti. Watu waliomfahamu jukwaani walishtuka. Mimi naona pale ndipo alipotangaza kwamba mtu asimtarajie awe mashine ya mapigo.

Kisha akarudi darasani. Alikwenda Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, akasoma chini ya mpiga saksafoni na mtunzi Anthony Braxton, akapata shahada ya pili 2011. Akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, chini ya mpiga tromboni na mtunzi George Lewis, akawa daktari wa utunzi 2017. Mwaka huo huo wa 2017 alipewa ufadhili wa MacArthur, na akaanza kufundisha Wesleyan, pale pale alipokuwa mwanafunzi. Tangu 2020 yuko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia.

Sasa tazameni walimu wake, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Braxton, George Lewis, mpiga tarumbeta Wadada Leo Smith aliyetajwa kwenye *Adagio*, na mpiga saksafoni Roscoe Mitchell ambaye Sorey alimtungia kazi ya chelo na okestra, wote ni watu wa AACM. Hiki ni chama cha wanamuziki weusi kilichoanzishwa Chicago mwaka 1965. Waanzilishi wake walikuwa wanne: Muhal Richard Abrams, Jodie Christian, Phil Cohran na Steve McCall. Huyo McCall alikuwa mpiga dramu. Tangu mwanzo walijiwekea sharti kwamba kwenye maonyesho ya chama mwanachama apige muziki wake mwenyewe. Huruhusiwi kuja kupiga nyimbo maarufu za watu wengine. Sharti hilo lilimgusa kila mtu bila kujali chombo. Ukiwa mpiga besi, tunga. Ukiwa mpiga dramu, tunga. Kwa mtazamo wangu sharti hilo limezaa watunzi kuliko mashule mengi yenye majengo mazuri.

Sorey alikuja miaka mingi baada ya 1965, lakini amelelewa na kanuni hiyo. Ndiyo maana ukimtaja kama mpiga dramu aliyegeuka mtunzi unakuwa umekosea. Hajageuka. Bado anazunguka na bendi, bado anapiga mazulia ya matoazi nyuma ya piano ya Iyer kwenye *Uneasy* ya 2021 na *Compassion* ya 2024, na wakati huo huo okestra kubwa zinaagiza kazi kwake.

Karibuni tuchangie. Walio kwenye kazi hii naomba mseme kwa uwazi.

#2

Asante kwa uzi mkuu, umenifumbua macho, jina hili sikuwahi kulisikia. Nina maswali mawili.

La kwanza, umri. Umesema vijana, jamaa kazaliwa 1980, kapata tuzo akiwa na miaka 43. Kwetu huyo ni mzee wa familia, ana watoto wanaosoma sekondari.

La pili ndilo kubwa. Anakula nini? Mimi napiga dramu hotelini na harusini hapa Dar, nalipwa kwa usiku. Mtu akiniambia nikae mwaka mzima niandike kitu cha dakika 20, mwenye nyumba wangu hatanielewa.

#3 – Mleta uzi

Mkuu #2, maswali mazuri, nayajibu yote.

Umri: kwenye utunzi wa okestra mtu wa miaka 37 au 40 bado anahesabiwa kijana, kwa sababu okestra zinachelewa kumwamini mtu. Wadada Leo Smith mwenyewe, aliyezaliwa 1941 Mississippi, jina lake lilifika kwenye orodha ya mwisho ya Pulitzer mwaka 2013 akiwa na miaka 70 na kitu, na tuzo hakupewa. Tuzo yenyewe ilianza 1943 na mtunzi mweusi wa kwanza kuipata ni George Walker, mwaka 1996. Duke Ellington, yule gwiji wa jazi, mwaka 1965 waamuzi walimpendekeza apewe heshima maalumu, bodi ikakataa. Kwa hiyo ukiona mtu mweusi, tena mpiga dramu, anafika pale na miaka 43, ujue amefika mapema sana.

Pesa: anaishi kwa njia nyingi kwa mpigo, na nadhani ndivyo wengi wao wanavyoishi. Kufundisha chuo kunampa mshahara wa mwezi. Kupiga na bendi kunampa malipo ya safari na ya jukwaa. Kazi za okestra zinaagizwa: okestra au tamasha linamlipa mtunzi kabla, aandike kitu kipya, nao wanapata haki ya kukipiga mara ya kwanza. Mara nyingi taasisi mbili au tatu zinachangia gharama. *Adagio* iliagizwa na Tamasha la Lucerne la Uswisi pamoja na Okestra ya Atlanta, ikapigwa Atlanta Machi 16, 2023, mpiga saksafoni akiwa Timothy McAllister.

Tuzo zenyewe zisiwadanganye macho. Pulitzer ni dola 15,000. Ufadhili wa MacArthur ndio uliokuwa mkubwa, dola 625,000 zinazolipwa kidogo kidogo kwa miaka 5 bila masharti, hawakuulizi umezitumiaje. Lakini angalia: hadi anapewa 2017 alikuwa na miaka 10 ya albamu zake mwenyewe, nyingi zimetoka kwenye lebo ndogo kama Firehouse 12 ya New Haven na Pi ya New York. Hakuna aliyemlipia *That/Not* akitegemea faida.

Sikuambii uache harusi. Yeye hakuacha jukwaa. Nakuambia usisubiri harusi ziishe ndipo uanze kuandika.

#4

Mimi ni mwalimu wa kwaya na napiga kinanda kanisani, Mwanza. Nimeisikiliza hiyo Adagio jana usiku kwa vifaa vya masikioni. Nitasema ukweli wangu kwa heshima zote: nilingoja ianze mpaka ikaisha. Hakuna wimbo wa kushika, hakuna mapigo, saksafoni inatoa sauti moja ndefu, okestra inapumua, basi. Kama huyu ni mpiga dramu, mapigo yako wapi? Sisi mwanafunzi akileta hivyo tunamwambia arudi akamalizie.

#5 – Mleta uzi

Mwalimu, nakushukuru kwa kuisikiliza kabla ya kusema, wengi wanasema kabla.

Mapigo yako mle, yamepanuliwa. Ukiwa na muda isikilize tena ukifanya kitu kimoja: hesabu kimoyomoyo, taratibu sana, na usikilize sauti mpya inapoingia. Utaona haziingii ovyo. Mpiga dramu ndiye mtu anayejua kuliko wote ndani ya bendi uzito wa kuchelewa, kwamba ukichelewesha pigo kidogo chumba kizima kinashika pumzi. Sorey kachukua ule ujuzi wa mkononi akaupeleka kwenye violini na tarumbeta. Mtu ambaye hajawahi kushika vijiti asingeweza kuandika vile, au angeandika ikalala kweli.

Halafu kwa kawaida utunzi wa mpigaji mmoja na okestra unampa yule mmoja nafasi ya kujionyesha: vidole vinakimbia, okestra inasubiri, watu wanapiga makofi. Hapa saksafoni haikimbii popote. Waamuzi wa Pulitzer waliisifu kwa hilo hasa, ukaribu wake na utulivu wake wenye nguvu ndani. Ni heshima kwa mzee aliye hai, na Sorey ameona kwamba mzee wa namna ile haheshimiwi kwa kelele.

Ukitaka mlango mwepesi zaidi anza na albamu *Mesmerism* ya 2022. Ni watu watatu: Aaron Diehl kwenye piano, Matt Brewer kwenye besi, Sorey kwenye dramu. Nyimbo za jazi zinazofahamika, zina wimbo wa kushika na mapigo unayoweza kuyafuata kwa mguu. Ukishamjua mkono wake pale, rudi kwenye *Adagio*.

Na kuna moja ambayo mwalimu wa kwaya usiikose: *Monochromatic Light (Afterlife)*, ya Februari 2022. Iko hivi. Houston, Texas, kuna jengo la sala linaitwa Rothko Chapel, lina michoro mikubwa ya rangi nzito inayokaribia weusi. Lilifunguliwa 1971, na mtunzi Morton Feldman akaliandikia muziki wa kwaya, viola, ala za kupigwa na selesta (kinanda chenye sauti kama ya kengele ndogo). Jengo lilipoadhimisha miaka 50 aliyeagizwa kuandika kazi mpya ni Sorey. Akachukua vyombo karibu vile vile, akaongeza piano na mwimbaji wa sauti ya chini, Davóne Tines. Kwa muda mrefu sana unasikia vipande tu, sauti zisizo na maneno, na wimbo wa zamani wa watumwa weusi kuhusu mtoto asiye na mama unajengeka polepole kutoka ndani ya vile vipande. Mimi nilipoutambua nilisimamisha, nikakaa kwanza. Kazi hiyo ilifika orodha ya mwisho ya Pulitzer 2023, ikashindwa na *Omar* ya Rhiannon Giddens na Michael Abels. Mwaka uliofuata akarudi na *Adagio* akashinda.

#6

Naomba niongeze upande wa studio, maana ndiko ninakofanyia kazi.

Mleta uzi ametaja kwamba mpiga dramu hahesabiwi mtunzi. Mfano mkubwa kuliko yote duniani ni Clyde Stubblefield, aliyekuwa mpiga dramu wa James Brown. Mwaka 1969 walirekodi *Funky Drummer*. Katikati bendi inanyamaza, Stubblefield anapiga peke yake kwa sekunde chache. Kile kipande kimekatwa na kutumika kwenye mamia na mamia ya nyimbo za rap na za pop kuanzia miaka ya 1980. Ni moja ya mapigo yaliyotumika zaidi katika historia ya kurekodi. Wimbo umeandikwa jina la James Brown. Stubblefield alilipwa kama mpigaji wa siku ile, mgawo wa utunzi hakupata. Amefariki 2017.

Yale mapigo aliyatunga nani? Hakuna aliyemwimbia, hakuna aliyemwandikia. Yametoka kwenye viganja vyake. Kwetu Tanzania sheria ya 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na kwa ufupi hakimiliki ni ya mtunzi, hakishiriki ni ya mpigaji na mrekodi. Wapiga dramu wengi ninaowarekodi hawajui hata wako upande gani. Wanakuja, wanabuni mapigo ambayo ndiyo yanaubeba wimbo, wanachukua nauli na posho, wanaondoka. Jamani, kabla ya kurekodi semeni: kama mapigo haya nimeyabuni mimi, jina langu liwe kwenye watunzi. Andikeni kwenye karatasi, wote wasaini, hata kama ni karatasi ya daftari.

#7

Niko Nairobi, mimi ni mwanamke na napiga ngoma kwa kulipwa, kwa hivyo naomba mnisikize kidogo.

Mnamzungumzia kijana wa Newark na ni vizuri, lakini hapa kwetu yuko Kasiva Mutua. Huyu dada alikuwa kwenye Nile Project, ule mpango uliokusanya wanamuziki wa nchi za bonde la Mto Nile, ulioanzishwa na Mina Girgis wa Misri na Meklit Hadero mwenye asili ya Ethiopia. Mwaka 2013 walikutana Aswan, watu wa mizani tofauti kabisa, Mkenya, Mganda, Mrundi, Mwethiopia, Mmisri, na ilibidi watunge pamoja. Fikirieni kazi ya mpiga ngoma pale. Kila mmoja anahesabu kivyake, na yeye ndiye wa kupata mahali ambapo wote wanakutana. Mimi hiyo naiita kutunga, sijali karatasi inasema nini.

Agosti 2017 Kasiva alisimama Arusha kwenye mkutano wa TED akaeleza wazi vile wanawake wanaambiwa ngoma si yao. Oktoba mwaka huo huo Burundi ilitoka amri ya rais kwamba ngoma za jadi zipigwe na wanaume pekee, ngoma zile zile ambazo UNESCO ilizitambua 2014 kama urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa hivyo mleta uzi, ukisema mpiga ngoma anaketi nyuma, jua kuna wale ambao hata hicho kiti cha nyuma hawapewi. Nimefukuzwa kwenye jukwaa moja nikiwa nimeshafunga ngoma zangu, kwa sababu mzee mmoja alisema ni mkosi. Sikuenda nyumbani kulia, nilienda kutafuta jukwaa lingine. Nataka mabinti wanaosoma hapa wajue inawezekana.

#8 – Mleta uzi

Dada #7, heshima yako. Naomba uendelee kuandika humu. Nyuzi za muziki zimejaa sauti za wanaume, na ulichosema kuhusu Aswan, mtu wa ngoma kutafuta mahali hesabu zote zinapokutana, kimeeleza utunzi wa mpiga ngoma vizuri kuliko nilivyoeleza mimi mwanzoni.

Ndugu #6, ile habari ya Stubblefield inaniumiza kila nikiisikia. Kwa hiyo nasisitiza: Sorey alijikinga na hilo kwa kuandika. Kitu kikiwa kwenye nota na jina lako juu, hakuna wa kubishana.

#9

Vijana mnawataja wa mbali, nami mzee wenu naomba kumtaja wa karibu. Marehemu Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa haoni, na alipiga ngoma nyingi peke yake, amezipanga zikimzunguka. Kwa miaka na miaka kabla ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania zilikuwa zinalia ngoma zake. Nchi nzima, kuanzia kijijini kwetu hadi Ikulu, tulisimamisha mazungumzo tukizisikia. Sijui kama kuna utunzi wowote wa Mtanzania uliosikika na watu wengi kwa siku nyingi kiasi hicho. Lakini waulizeni watu waliokuwa wanaisubiri ile habari kila siku, ngoma zile mtunzi wake nani. Wachache watajibu.

Ndugu mleta uzi umesema kalamu. Mzee Morris hakuwa na kalamu wala macho ya kusomea nota. Naye mnamweka wapi?

#10 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wetu #9.

Mzee Morris namweka kwenye watunzi, tena mbele. Umenisahihisha jambo la msingi. Kalamu nimeisema kama njia ya kulinda kazi na kuifikisha kwa watu wengine waipige, isionekane kwamba asiyeandika hatungi. Sorey mwenyewe hakubali mpaka kati ya kubuni papo hapo na kuandika. Hata ile sifa aliyopewa na wafadhili wa MacArthur mwaka 2017 ilitaja hilo, kwamba anavuka mipaka ya mitindo na mpaka kati ya kutunga na kubuni.

Ana utaratibu wake anauita *Autoschediasms*. Anasimama mbele ya wapigaji bila nota yoyote na anatunga kwa mikono, palepale. Ishara hii maana yake shika sauti ndefu, ishara hii maana yake rudia alichopiga mwenzako, hii nyamaza, hii badilisha. Ameichota kwa Butch Morris, aliyeongoza okestra kwa ishara miaka mingi, na kwa mwalimu wake Braxton. Mwaka 2020 wakati wa korona alifanya hivyo na kundi la Alarm Will Sound kila mmoja akiwa kwake, wameunganishwa kwa video mtandaoni, na intaneti inachelewesha sauti. Akautumia ule ucheleweshaji kama sehemu ya muziki. Mpiga dramu akilala na kuamka na suala la muda, hata mtandao mbovu anaupatia kazi.

Ndio mwaka huo huo ambao Novemba kazi zake mbili kubwa zilipigwa mara ya kwanza: ile ya violini na okestra kwa heshima ya Marcos Balter, Detroit, mpiga violini Jennifer Koh, na ile ya chelo kwa heshima ya Roscoe Mitchell, Seattle, mpiga chelo Seth Parker Woods. Watu wengi walizitazama wakiwa nyumbani kwa sababu kumbi zilikuwa zimefungwa.

#11

Nina miaka 19, napiga ngoma na dramu kwenye kwaya ya vijana, Tanga. Solfa nasoma kidogo, nota za mistari mitano sijui kabisa. Nina mapigo mengi nimeyabuni, nayarekodi kwenye simu halafu nayasahau. Nimesoma uzi wote. Naanzia wapi? Na sina hela ya kwenda chuo sasa hivi.

#12 – Mleta uzi

Mdogo wangu #11, kurekodi kwenye simu ni mwanzo mzuri, usiache. Ila kila ukirekodi sema kwanza tarehe, jina la pigo, na ngoma ipi inapiga nini. Ukisahau baadaye, sauti yako itakukumbusha.

Kisha chukua daftari la hesabu, lile la miraba. Ngoma zetu nyingi zinakwenda kwa mapigo madogo 12 yanayojirudia. Chora mstari wa miraba 12, kila ngoma na mstari wake, moja chini ya nyingine. Pale ngoma inapolia weka alama: duara kwa pigo la katikati ya ngozi, mkwaju (/) kwa pigo la ukingoni, nukta kwa pigo la kuzuia kwa kiganja. Mraba mtupu ni ukimya, nao unahesabiwa. Ukimaliza mpe mwenzako ambaye hajawahi kukusikia ukipiga, mwambie asome apige. Akikosea, angalia kama kakosea yeye au umeandika vibaya, na mara nyingi za mwanzo utakuta ni maandishi. Rekebisha, mpe tena.

Mistari mitano utajifunza baadaye na haitakusumbua, kwa sababu kazi ngumu ya kugawanya muda utakuwa umeshaizoea kwenye miraba. Mwalimu #4 wa Mwanza anajua solfa vizuri. Mwalimu, kama hutajali, mfundishe kijana jinsi ya kuweka mistari ya ngoma chini ya sauti 4 za kwaya kwenye karatasi moja.

Na juu ya karatasi, upande ule wa jina la mtunzi, andika lako.

#13

Mwalimu wa Mwanza hapa. Kijana, niandikie kwenye ujumbe binafsi, tupange. Nitumie kwanza moja tu, ile unayoipenda zaidi, na uniambie imebuniwa kwa wimbo gani. Mleta uzi, Mesmerism nimeisikiliza mara mbili leo. Adagio naijaribu tena Jumapili baada ya ibada.